Ngedere, pimbi, sota na kuku wangu mwenyewe: mwaka wa tatu wa bustani ya viroba juu ya mawe Mwanza

mama_wa_mawe (mwanzisha uzi)

Mwangaluka wadau.

Nimekuwa msomaji wa pembeni humu kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu kila wiki anatokea mtu kuuliza "dawa ya ngedere ni ipi?", na majibu anayopewa ni ya kumtia hasara tu.

Naishi Mwanza, kwenye vilima vya mawe. Nyuma ya nyumba tuliyopanga kuna jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Ukichimba kiganja kimoja jembe linalia, umegonga mwamba. Kwa hiyo nalima kwenye viroba vya saruji, ndoo za rangi zilizopasuka na tairi mbili za lori. Nina mchicha, chainizi, sukuma wiki, nyanya, nyanya chungu, mnafu, pilipili na bamia chache.

Mwaka wa kwanza sikula kitu. Nililaumu ngedere, maana huku kwetu hata kijiko kikipotea jikoni wanalaumiwa wao. Nikanunua dawa dukani, nikapulizia, nikapulizia tena. Nikatundika shati la mume wangu kwenye mti kama sanamu. Siku ya tatu nikakuta ngedere amekaa begani kwa lile shati anakula nyanya.

Kilichonifungua macho ni majivu. Jioni moja nilichekecha majivu ya mkaa, nikayamwaga kuzunguka viroba vyote, nikaenda kulala. Asubuhi nikasoma nyayo kama ninavyosoma gazeti. Nimefanya hivyo karibu wiki mbili, na usiku natoka na tochi mara moja kabla ya kulala. Kumbe wezi walikuwa watano, kila mmoja na zamu yake.

Alfajiri, jua likianza kugonga jiwe, wanashuka pimbi. Hawa wanakata jani la chainizi kama limekatwa kwa mkasi, wanaacha kishina. Ukitaka kuhakikisha, angalia juu ya jiwe: wana choo chao kimoja cha ukoo mzima, lile doa jeupe linalochuruzika ukutani mwa mwamba.

Saa kumi jioni ni ngedere. Yeye ana dharau. Anang'ata nyanya mara moja, anaitupa, anachukua nyingine. Ukikuta nyanya kumi zimeng'atwa na hakuna iliyoliwa ikaisha, mhalifu ni huyo.

Usiku ni sota, yule kiwavi mkata miche, na konokono. Mche wa nyanya unaukuta asubuhi umelala chini, umekatwa usawa wa udongo. Nilikuwa nasema ngedere wameukanyaga. Siku moja nikafukua pembeni ya shina kwa kidole, nikamkuta kiwavi mnene wa rangi ya udongo amejikunja kama herufi C.

Na wa tano, mchana kweupe, ni kuku wangu mwenyewe. Huyu nilimfuga kwa mkono wangu na ndiye aliyeumaliza mchicha.

Sasa jiulizeni, ile dawa niliyokuwa napulizia ilikuwa inamuua nani kati ya hao watano? Hakuna. Iliua wale wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi wanaokula vidukari. Mwezi uliofuata sukuma wiki ikawa nyeusi kwa vidukari, sijawahi kuona.

Nitaendelea, kuna mtu ananiita.

---

bishoo_wa_igoma

Mkuu, fungu la mchicha sokoni ni bei ya pipi. Wewe unalala na tochi unalinda chainizi? 😂

---

mama_wa_mawe

Kwanza mimi si mkuu, ni mama wa watoto watatu. Pili, mchicha wa sokoni unaununua asubuhi, saa saba umeshalala kama mgonjwa. Wangu nauchuma maji yakiwa yanachemka. Haya, kula pipi zako.

---

kapripointi_zamani

Hawa ngedere si ni wa kisiwa cha Saanane? TANAPA wa hifadhi za taifa waje wachukue watoto wao.

---

mama_wa_mawe

Hapana bwana. Saanane ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na ikawa hifadhi ya taifa 2013. Mawe haya yana ngedere na pimbi wake tangu kabla ya hapo. Bibi mwenye nyumba ana umri mkubwa kuliko hiyo bustani ya wanyama na anasema alipokuwa msichana waliwakuta. Sisi ndio tumejenga sebuleni kwao.

Naendelea na pimbi, kwa sababu ndiye aliyekuwa rahisi kuliko wote na nilimchelewa zaidi.

Pimbi ni mwoga. Wanasema ni ndugu wa tembo, lakini ujasiri wa tembo hakurithi. Hapendi kuwa mbali na ufa wake kwa sababu juu kuna tai. Anakula haraka haraka huku mmoja amekaa juu analinda, akipiga ukelele wote wanatoweka. Mimi viroba vyangu nilikuwa nimevipanga palepale chini ya jiwe kwa sababu kulikuwa na kivuli. Nilikuwa nimemwandalia meza mlangoni kwake! Nilichofanya ni kuvihamishia upande wa mbele wa nyumba, ng'ambo ya ua uliofagiliwa. Ni kama hatua thelathini hivi. Basi. Hakuna dawa, hakuna uzio. Kule chini ya jiwe nimeacha pilipili na giligilani, hawajazigusa.

Sota nimemmaliza kwa chupa za maji. Kata chupa ya plastiki vipande vya urefu wa kidole, kila mche uvike kimoja kama kola, nusu kifukiwe udongoni. Hawezi kuzunguka shina. Kabla ya kupanda geuza udongo wa kiroba uache juani, kuku wale viwavi. Hapo ndipo kuku ana kazi ya halali.

Konokono naokota kwa mkono usiku. Majivu yanamzuia yakiwa makavu tu, mvua moja ikinyesha umemwekea zulia.

---

mvuvi_mstaafu

Mayu, uzi mzuri. Umeniletea usingizi wa kuota mchicha.

Kuhusu ngedere na ndege ngoja niseme mimi. Nenda Mwaloni Kirumba, au Igombe, au Kayenze, ulizia nyavu chakavu za dagaa. Wavu ukishachanika sana mwenye mtumbwi hauhitaji, anakupa kwa bei ya soda. Matundu yake ni madogo, kidole cha mtoto hakipiti. Chomeka miti au bomba kama kibanda, funika juu na pembeni, chini fukia kwa mawe. Mawe si mnayo?

Lakini uvute ukaze. Wavu uliolegea si uzio, ni mtego. Nimeshatoa njiwa na nyoka kwenye wavu wa mtu aliyeuacha umening'inia kama pazia. Na usidanganywe ukauziwa timba. Ile ya uzi mmoja wa plastiki ni haramu ziwani na hata bustanini haifai, inakata ndege miguu.

---

mama_wa_mawe

Wabeja sana baba. Hilo la kukaza nilijifunza kwa kuchelewa. Nilimkuta yule mjusi wetu wa mawe amenasa, yule dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa bluu. Ilinichukua nusu saa kumtoa na mkasi wa kushonea. Watoto walikuwa wanasema muue, ana sumu. Hana sumu yoyote. Anakula sisimizi na wadudu siku nzima, na wataalamu wamempa jina la mji wetu, Agama mwanzae. Ni kibarua wangu asiyelipwa.

Wavu wa dagaa kwa ngedere unafanya kazi kwa masharti. Akiamua, anauchana. Akikuta kuna rahisi zaidi pembeni, hasumbuki. Kwa hiyo la kwanza nilikomesha vya rahisi: shimo la taka za jikoni nimelifunika kwa bati na jiwe, maganda ya ndizi na viazi hayalali nje. Nyanya nachuma zikianza kubadilika rangi, zinaivia ndani kwenye kapu. Na wavu. Ukifanya kimoja tu kati ya hivyo hujafanya kitu.

Halafu kuna jambo la aibu kidogo: mimi wakiniona nalima wanakaa tu ukutani wananiangalia. Mume wangu akikohoa ndani ya nyumba wanatimua. Wanajua wa kumwogopa.

---

kijana_nyegezi

Mnazunguka sana. Ndizi mbivu + sumu ya panya. Siku mbili hamtawaona.

---

mvuvi_mstaafu

Kijana, ondoa hilo wazo. Ndizi ikianguka njiani ataiokota mtoto. Ngedere akifia juu ya paa ataliwa na mbwa wa jirani, na maribu (yule korongo mla mizoga), na kunguru, kisha useme umelima mboga. Na ujue kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kuua mnyamapori bila kibali ni kesi. Kundi likizidi watu, mnaandika kupitia serikali ya mtaa, inafika kwa afisa wanyamapori wa wilaya.

---

kijana_nyegezi

Sawa mzee nimeelewa. Lakini wamekula mahindi yangu yote ya kuchoma, hasira zinanipanda.

---

mama_wa_mawe

Pole mdogo wangu. Mahindi chini ya mawe ni sadaka. Hata mimi niliyapenda nikayaacha.

---

bwanashamba_wa_zamani

Nimefanya kazi ya ugani kanda ya ziwa miaka mingi. Mwanzisha uzi amesema jambo ambalo nililisema mpaka sauti ikakauka: mtambue anayekula kabla hujaenda dukani. Ila ameruka mdudu ambaye kwa nyanya ni mbaya kuliko ngedere, nadhani kwa sababu hajamtembelea bado. Kantangaze.

Huyu asili yake ni Amerika Kusini. Alionekana Hispania mwaka 2006, akashuka Afrika, na hapa Tanzania alithibitishwa 2014. Nondo mwenyewe ni mdogo wa kijivu, humwoni. Mtoto wake ndiye anayejichimbia ndani ya jani katikati ya ngozi mbili, jani linabaki na mabaka meupe kama karatasi ya sambusa, ndani ukilishika juani unaona vinyesi vyeusi. Halafu anaingia kwenye tunda. Jike moja linaweza kutaga mayai hadi 260, na kwa joto letu kizazi kimoja hakimalizi muda mrefu. Kwa sababu kiwavi yuko ndani ya jani, dawa nyingi zinapita juu yake, na nyingine ameshazizoea. Watu wanaongeza kipimo, wanachanganya dawa tatu kwenye bomba moja, wanapulizia leo na kuchuma kesho. Hapo anayekufa taratibu ni mlaji.

Kwa mwenye miche ishirini ya nyumbani hahitaji dawa. Kagua kila siku ya pili. Jani lenye mabaka liondoe, litie kwenye mfuko wa plastiki, funga, liache juani lipikike humo, ndipo ulifukie. Usilitupe kwenye mboji, kiwavi anashuka udongoni anakamilisha safari. Funika miche kwa wavu wa dirishani ule wa mbu, unauzwa kwa mita. Wavu wa dagaa hapa haufai, nondo anapita akipiga mluzi. Nyanya haihitaji nyuki aingie, ua lake linajichavusha lenyewe; tikisa shina asubuhi inatosha. Maboga na matango usiyafungie, hayo bila nyuki hayazai.

Na mnafu uuweke mbali na nyanya. Ni ukoo mmoja. Hata bilinganya na nyanya chungu. Watu wanang'oa nyanya zilizoshambuliwa, wanapumzika mwezi, wanapanda upya, kantangaze alikuwa amekaa kwenye mnafu anasubiri.

---

mama_wa_mawe

Mzee shikamoo. Nimeenda kuangalia na tochi sasa hivi. Mabaka yapo. Majani sita. Nilidhani ni jua limeunguza.

Na mnafu wangu uko mguuni pa nyanya kabisa, nilidhani nabana nafasi.

---

bwanashamba_wa_zamani

Marahaba. Sita ni machache. Yatoe leo leo.

---

mwalimu_wa_buswelu

Naomba kuuliza, vidukari kwenye sukuma wiki je? Natumia sabuni lakini majani yanaungua.

---

bwanashamba_wa_zamani

Unatumia ya unga ya kufulia, hiyo ni kali. Kwangua sabuni ya mche, kijiko kidogo cha chai kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, ikoroge iyeyuke kabisa. Pulizia jioni, chini ya jani ndiko waliko. Jaribu jani moja kwanza, ngoja hadi kesho. Sabuni inaua aliyemgusa tu, kwa hiyo usipulizie kama unanyunyizia manukato. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, hao ndio wafugaji. Wanakamua utamu wa vidukari na wanawalinda. Weka ndoo yako juu ya matofali, matofali yakae kwenye karai la maji.

Ila karai la maji ulimwage kila baada ya siku chache, usifuge mbu.

---

dada_wa_kisiwani

Hodi humu. Niko Ukerewe. Ninyi wa mjini mnalia ngedere, sisi mgeni wetu anakuja na tani zaidi ya moja.

Nilikuwa na matembele na mahindi karibu na maji, sehemu nzuri, udongo mweusi, humwagilii mara nyingi. Kiboko alipita usiku mmoja. Wala hakula sana, yeye chakula chake ni nyasi, anaweza kumaliza kilo arobaini kwa usiku. Lakini alipokanyaga palibaki mashimo ya kujaa maji, na wavu tuliokuwa tumezungushia aliondoka nao hadi ziwani. Jirani yangu akasema tuwashe karabai tukae tumlinde. Nikamwambia kalinde wewe. Kiboko ukisimama kati yake na maji hakuulizi.

Tulihamisha bustani juu, karibu na nyumba. Baadaye nikajua hata sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni zisifanyiwe shughuli za kudumu wala za kuharibu mazingira. Yaani kiboko alikuwa anasimamia sheria.

---

bishoo_wa_igoma

Kiboko afisa mazingira 😂😂 nimecheka hadi bosi kaniangalia.

---

dada_wa_kisiwani

Cheka tu. Na wale mnaomwagilia maji ya ziwa: kichocho. Konokono wa kwenye majani ya ukingoni ndio wanaokibeba. Mkichota, msisimame majini mnachota ndoo kwa ndoo kama tulivyozoea. Sisi tunachota kwenye gati, maji yanakaa kwenye pipa lililofunikwa siku mbili nzima ndipo tunamwagilia. Vile vijidudu vikikosa ngozi ya kuingia vinakufa. Daktari wa zahanati ndiye aliyetufundisha, baada ya mwanangu kukojoa kwenye kikopo cha vipimo mara ya pili.

Gugu maji pia tunalitumia. Tunalianika hadi likauke kabisa, linafunika udongo usikauke. Bichi usiliweke, linaleta konokono na harufu.

---

mpangaji_mabatini

Kwa vile tunaungama, ngoja na mimi niungame. Niliambiwa matumbo ya samaki ni mbolea ya ajabu. Nikaenda kwa wanaokwangua sato, nikapewa ndoo nzima bure. Nikafukia chini ya nyanya, kama kiganja hivi cha udongo juu yake.

Usiku wa kwanza mbwa. Usiku wa pili paka wa mtaa mzima, wanaimba. Siku ya tatu mchana mke wangu anapiga simu analia: kuna kenge uani, mrefu kama ngazi, anachimba. Majirani walikusanyika. Maribu wawili wamesimama juu ya paa kama mashahidi. Mwenye nyumba akanipa notisi ya mdomo.

Nyanya zilizobaki zilizaa vizuri lakini, siwezi kusema uongo.

---

mama_wa_mawe

😂😂😂 Maribu kama mashahidi! Nimesoma kwa sauti nyumbani, mume wangu anasema wewe uandikiwe kitabu.

Samaki tumia, ila ichanganye kwenye pipa lenye kifuniko kizito pamoja na majani makavu na samadi, uiache miezi kadhaa. Au chimba hadi gotini, kama una pa kuchimba. Mimi sina.

---

mpangaji_mabatini

Gotini Mabatini? Nitafika kwa jirani wa chini.

---

mama_wa_mawe

Wadau, nimerudi baada ya wiki tatu kutoa ripoti.

Kantangaze: nimetoa majani kila siku ya pili, jumla yamekuwa mengi kuliko nilivyotaka, na miche miwili nimeing'oa kabisa. Mingine kumi na moja iko chini ya wavu wa dirishani, imechanua. Natikisa kila asubuhi, watoto wanasema mama anasalimiana na nyanya. Mnafu nimeuhamishia upande wa pili, karibu na bomba.

Ngedere wamekuja mara mbili. Mara ya kwanza walizunguka wavu, wakavuta kona, wakakuta umekazwa, wakaondoka na papai bichi la bibi mwenye nyumba. Mara ya pili hawakushuka ukutani.

Kuku nimewajengea banda. Wanatoka kuanzia saa kumi jioni, nikiwa nimekaa hapo hapo.

Na lile jiwe nililokuwa nalilaumu nimelipatia kazi. Juani linakuwa la moto kama kikaango, kwa hiyo nilichuma majani ya kunde aliyonipa mama mkwe, nikayaanika juu yake yawe nsansa, mboga kavu ya kiangazi. Siku mbili yalikuwa yanakauka vizuri sana. Nilihofia pimbi, nikaweka majivu kuzunguka.

Asubuhi ya tatu nimekuta jiwe tupu. Kwenye majivu kuna kwato.

Mbuzi wa jirani sikuwa nimemweka kwenye hesabu. Mwenye ushauri wa mbuzi atuandikie, na aandike kwa lugha ya upole maana jirani mwenyewe namhisi ni mwanachama humu.

---

bishoo_wa_igoma

Mama, mbuzi si wangu.

Ila nitamfunga.